Mgao wa Mtambo

Sipendi mtu anayesema plastiki ni plastiki tu. Akisema hivyo mbele yangu namvuta mkono mpaka chumbani kwangu, namwonyesha mapipa mawili, namwambia haya, shika. Pipa la kushoto lina madumu ya maji na ya mafuta ya kula yaliyosagwa. Vipande vyake vinateleza, na ukivibonyeza kwa ukucha vinaacha alama. Pipa la kulia lina viti vilivyovunjika, vifuniko vya chupa na ndoo zilizochakaa. Hivyo ni vikavu na vigumu, ukivitikisa vinalia. Ukiyeyusha hivi na vile pamoja, vinachanganyika machoni tu. Vikipoa, kila kimoja kinarudi kivyake. Na mimi kazi yangu kwa miaka kumi na tisa ilikuwa kuvilazimisha vikae nyumba moja.

Chumba chenyewe si kikubwa. Kina madirisha mawili ya juu, feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza, mizani, meza ya bati, na mtambo wa kuchanganyia uliolala kutoka ukuta hadi ukuta. Unatia vipande mdomoni mwake, skrubu iliyo ndani inavizungusha na kuviyeyusha, na upande wa pili inatoka kamba ya moto inayopita kwenye beseni la maji na kukatwakatwa kuwa punje. Punje zinakwenda chumba cha pili kwenye kalibu, zinatoka kreti. Kreti za chupa za maziwa ndizo riziki yetu sote pale.

Na kreti hizo hizo ndizo zilizotaka kuninyang'anya mtambo. Msimu uliopita kiwanda cha maziwa kilirudisha rundo zima, zimepasuka pembeni. Tajiri wetu akaja chumbani kwangu na kreti moja mkononi. Huyu hatumwiti ila Bwana Hapana, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza hata ukimwamkia.

"Hapana, Shangazi," akasema, na mimi sijafungua mdomo. "Kwa mchanganyiko huu hatufiki popote. Jumatano ya wiki ijayo nitadondosha kreti tano mbele ya macho yangu. Ikipasuka hata moja, chumba hiki nakifunga mwisho wa mwezi. Mtambo nauuza, tutanunua punje mpya za viwandani, na wewe utakwenda kufungasha."

Kufungasha! Huko wanakaa kwenye stuli kutwa nzima, wanafunga kamba na kusengenya. Sisemi ni kazi mbaya, na kusengenya najua vizuri tu. Lakini mtambo ule ninaujua kwa sikio. Ukikohoa, najua umekabwa na nini kabla sijageuka. Nilitaka kulia, lakini mimi kulia mbele ya mtu sijui. Nikamfokea afunge mlango akitoka, vumbi linaingia.

Jina la Shangazi alilileta mpwa wangu, binti wa kaka yangu. Kaka na mkewe walipopata kazi mbali walimwacha kwangu, akiwa na miaka sita, kwa muhula mmoja tu. Huo muhula sasa una miaka kumi na tisa, sawasawa na mtambo. Amesoma mambo ya plastiki mpaka chuoni, na chuoni hapo hapo wamempa kazi ya maabara. Alipokuwa akija kiwandani kuniletea chakula, wenzangu walimsikia akiniita shangazi, nao wakadakia. Hata Bwana Hapana ananiita shangazi, na ana miaka kumi zaidi yangu. Nimemwachia.

Nilipomsimulia yaliyonipata, mpwa wangu hakunibembeleza. Aliweka kikombe chini akauliza, "Shangazi, huwa mnatia nini humo?"

"Chokaa."

"Kiasi gani?"

"Mpaka itoshe."

Akacheka hadi akashika tumbo. Nikamwambia asinicheke, chokaa hiyo ndiyo iliyomsomesha. Kesho yake akarudi na ndoo yenye mfuniko, na ndani mna unga mweupe, laini kuliko poda ya mtoto mchanga. Ulikuwa udongo, alisema, lakini udongo uliotengenezwa hadi punje yake haionekani hata kwa hadubini ya kawaida ya pale chuoni.

"Kitu kisichoonekana ndicho kitakachoshika kreti ya chupa kumi na mbili?" nikamwuliza.

"Ndicho."

"Hebu niambie kama unavyomwambia mtu aliyekulea, si kama unavyomwambia mwalimu wako."

Akafikiri kidogo. "Chukulia wapangaji wawili wanagawana ukuta, lakini hawasalimiani. Ukuta ukipata ufa, nani ataushughulikia? Hakuna. Sasa huu unga unakwenda kukaa pale pale ukutani. Ni jirani anayewajua wote wawili. Unawashikanisha, unawazuia wasijitenge mafungu makubwa makubwa."

"Na chokaa?"

"Chokaa ni gunia la mawe uani. Linajaza nafasi tu."

"Basi tutie majirani wengi, yaishe."

"Aa, Shangazi! Hapo ndipo watu wanapoharibu. Wakizidi wanaanza kujikusanya wao kwa wao, wanafanya kikao mlangoni, na ufa unaanzia hapo hapo kwenye kikao chao. Ni mbili kwa mia. Kilo ishirini za plastiki, gramu mia nne za unga. Basi."

Nikamwambia nimesikia. Jumapili nikaenda naye maabara, akanipa vijipande vya mchanganyiko wake, virefu kama kidole. Nikavikunja kwa mikono yangu yote miwili, nikavikunja tena kinyume, havikukatika. Moyo ukaanza kunitulia. Bwana Hapana naye, baada ya hapana tatu, akakubali kreti za Jumatano zitoke kwenye unga ule. Akasema ni mara moja tu, hataki kugeuzwa maabara ya watu.

Jumatatu asubuhi tukaingia kazini. Mpwa aliukausha unga kwenye tanuri dogo, maana unakunywa unyevu wa hewani. Akapaka vipande vya plastiki ngumu mafuta kijiko kimoja ili unga uvishike, akapima gramu mia nne akizishusha kwa ncha ya kijiko, akiziba pumzi. Mimi nikapasha mtambo moto, nikausikiliza, nikaridhika nao. Jua lilikuwa linaingia kwa madirisha ya juu, na feni ilikuwa inalalamika kama kawaida yake. Nilifurahi, nisiseme uongo. Kufanya kazi na mtoto uliyemfunga kamba za viatu ni raha ambayo sikuitegemea.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mzee aliyenifundisha mtambo, siku hizi amestaafu anafuga kuku, alinionyesha jambo siku ya kwanza kabisa. Ukishapima chokaa, chota kopo moja zaidi, ulitie juu. Huo ndio mgao wa mtambo. Chokaa hugandamana kwenye kuta za mdomo, nyingine inaruka na feni, kwa hiyo usipotoa mgao mchanganyiko unatoka pungufu. Kopo lenyewe ni la maziwa ya unga, limening'inia kwenye msumari kushoto kwangu. Miaka kumi na tisa sijawahi kuwasha mtambo bila mgao. Mkono unakwenda wenyewe, kichwa hakiulizwi.

Bwana Hapana akamwita mpwa ofisini kumwuliza jambo. Mimi nikamimina vipande na unga mdomoni, nikafungua ndoo iliyobaki, nikachota kopo moja, nikatia. Nikalirudisha kopo msumarini, nikaendelea na kazi nikiimba. Sikuwaza chochote kabisa.

Awamu ya pili tukatia vipande vya madumu. Punje zilitoka nzuri ajabu, nyeupe, sawasawa, hazina mapovu. Mpwa alizichota mkononi akanikumbatia mbele ya wanaume wa kalibu. Kesho yake zikatoka kreti kumi. Nilizipanga mwenyewe kwenye rafu zipumzike, nikampita Bwana Hapana mlangoni bila kumwangalia.

Jumatano saa nne tukakusanyika uani kwenye sakafu ya saruji. Dereva wa foklifti, tunayemwita Taratibu kwa sababu hajawahi kuwa na haraka hata siku ya mshahara, akapakia kreti yenye chupa kumi na mbili zilizojaa maji, akaipandisha mita mbili. Bwana Hapana akainua kidole. Taratibu akaisukuma.

Paa! Pembe ya kulia ikaachia, chupa zikatawanyika uani.

Ya pili ikavumilia mara ya kwanza, mara ya pili ikapasuka. Ya tatu haikutaka hata kubembelezwa. Bwana Hapana alinyamaza, na hilo lilinitisha kuliko neno lake lolote. Nikamgeukia mpwa nikamwona ameinama, ameokota pembe iliyovunjika, anaitazama pale ilipokatikia.

"Hapana," akasema Bwana Hapana hatimaye, lakini kwa upole. "Nasikitika, lakini hapana. Mwisho wa mwezi."

"Ni hesabu zangu," mpwa akasema kwa sauti ya kusikika uani kote. "Nilikosea kiwango. Shangazi alifanya kila nilichomwambia. Naomba nijaribu tena mara moja."

"Nilisema mara moja tu, na imekwisha."

Mpwa akatia ile pembe mfukoni, akasema anapita chuoni mara moja. Alirudi nyumbani jioni. Hakula sana. Akaosha vyombo vyote bila kuombwa, mpaka sufuria lililoungua tangu Jumapili, na mimi nikawa namtazama kwa huruma, nikidhani anajisumbua kwa uchungu wa kushindwa. Nikajikaza kisabuni nikamtania.

"Kule kufungasha kuna stuli," nikamwambia. "Miguu yangu itapumzika. Na habari za watu nitazipata bado moto."

Hakucheka. Akafuta mikono, akanitazama, akasema, "Samahani, Shangazi."

"Samahani ya nini? Hesabu ni hesabu. Hata wewe si malaika."

Hayo nilimwambia mimi, kwa mdomo wangu huu.

Alhamisi asubuhi nikaenda kusafisha mtambo. Ni kazi niliyokuwa nikiifanya kila baada ya mchanganyiko, unafungua mdomo wa mtambo, unakwangua kuta kwa brashi, chokaa iliyoganda inaanguka sinia nzima. Nikaweka sinia, nikatia brashi. Haikuanguka kitu. Nikawasha tochi nikachungulia ndani. Kuta zilikuwa safi, zinang'aa. Yale mafuta ya kijiko kimoja yalikuwa yameushika unga wote kwenye vipande. Hakuna hata punje iliyobaki nje.

Nikalitazama kopo pale msumarini. Nikalishusha, nikachota unga uliobaki ndooni, nikaupima kwenye mizani. Gramu mia tatu na arobaini. Hebu fikirini. Mtoto anapima kwa ncha ya kijiko akiziba pumzi, mimi nyuma yake namwaga karibu kiasi kile kile tena. Majirani waliozidi, kikao mlangoni, yote aliniambia, na mimi nikasema nimesikia.

Nilikaa juu ya ndoo nikafikiri. Sitajifanya mtakatifu, nilifikiri mabaya kwanza. Hakuna aliyeniona. Mpwa mwenyewe anaamini ni hesabu zake. Nikinyamaza, chumba kinafungwa, nakwenda kufungasha, lakini nakwenda na heshima yangu, Shangazi ambaye mkono wake haukosei. Nikisema, pengine unga utapewa nafasi nyingine na chumba kitapona, ila nani atamrudisha mtamboni mama aliyeharibu kazi kwa mkono wake? Kwa vyovyote vile, mimi nilikuwa nimeshatoka. Tofauti ilikuwa moja tu, mtoto atabeba mzigo wangu au hataubeba. Nilipofika hapo nikainuka, maana hapo hapakuwa na la kufikiri.

Bwana Hapana alikuwa ofisini anapambana na mashine ya kubania karatasi.

"Zile kreti nilizipasua mimi," nikamwambia.

"Hapana, zilipasuka zenyewe. Nilikuwepo."

"Nisikilize basi, baba!" Nikamweleza yote, kopo, mgao, kuta safi, mizani. Alinisikiliza na ile mashine mkononi.

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu unga ule hauna kosa, na mtoto wa watu anabeba lawama si yake. Mpe nafasi. Mtambo mpe mtu mwingine ukitaka, mimi nitakwenda huko kwenye stuli zenu leo leo. Lakini mchanganyiko ule upewe nafasi yake."

Ilinichoma kusema maneno hayo. Kila neno lilitoka na ngozi.

Bwana Hapana akakuna kidevu. "Hapana, mtu aliyeharibu simrudishi. Nitauendesha mwenyewe. Niliununua mimi, siwezi kushindwa kuuwasha."

Tukaenda. Taratibu naye akashuka kwenye foklifti akafuata, maana mambo kama hayo hayapiti bure. Bwana Hapana akakunja mikono ya shati, akabonyeza kitufe cha kijani. Mtambo ulikuwa baridi, plastiki ya Jumatatu imeganda ndani, na yeye anaiambia skrubu izunguke. Ukakohoa, ukanguruma, meza ya bati ikaanza kutembea.

"Zima!" nikapiga kelele. "Zima, utaivunja skrubu! Unapasha kwanza dakika arobaini, ndipo unazungusha! Ala!"

Akaruka nyuma, akakanyaga beseni la maji, likamlowesha mpaka magotini. Nikazima mimi. Taratibu aligeukia ukuta, mabega yanamtetemeka.

"Hapana," akasema Bwana Hapana, akitazama viatu vyake. Akavua kimoja, akamwaga maji. "Haya. Washa wewe. Lakini nitasimama hapa hapa, na hilo kopo nitalishika mimi."

Mpwa alikuja mchana akatukuta hivyo, mimi napasha mtambo, na tajiri mzima amekumbatia kopo la maziwa kifuani. Bwana Hapana akamweleza nilichosema. Nilitegemea mpwa anikasirikie, au acheke, au aulize. Alinitazama tu kwa muda mrefu, macho yamejaa maji, kisha akasema, "Sawa. Tupime." Sikumwelewa, nikadhani amefurahi kupata nafasi.

Tulipima gramu mia nne. Nikamimina, na mkono wangu wa kushoto ukaanza kuwasha. Ulikwenda mpaka msumarini, ukakuta patupu. Bwana Hapana akaliminya kopo zaidi. Nikautia mkono ule mfukoni, nikaubana humo mpaka mwisho wa mchanganyiko, nikaendesha mtambo kwa mmoja.

Ijumaa zikatoka kreti. Jumamosi saa nne tukasimama uani tena, safari hii hata wale wa kufungasha wameacha stuli zao.

Ya kwanza ikadondoka, ikadunda, ikakaa. Taratibu akaizungusha, pembe ya pili. Ikadunda, ikakaa. Pembe ya tatu. Ya nne. Nilikuwa nimemshika mpwa mkono, naye ananibana mpaka pete inaniumiza. Kreti ya pili nzima. Ya tatu nzima. Ya nne chupa moja ikafunguka ikamrushia maji Bwana Hapana, watu wakaziba midomo, lakini kreti ikawa nzima. Ya tano Taratibu akapandwa na mori, akaipandisha mpaka mita tatu bila kuambiwa, mtu ambaye sijawahi kumwona na haraka. Ikashuka, ikapiga sakafu kishindo, ikaruka, ikaanguka ubavu. Bwana Hapana akaiinamia. Akaipitishia kidole pembe zote nne, ndani na nje, akavua miwani akaisogeza kreti karibu na macho.

"Haina hata ufa," akasema. Akasimama, akajifuta magoti. "Chumba kitabaki. Mtambo ubaki na Shangazi. Lakini nataka kila kitu kiandikwe, kila gramu, kisiwe kichwani mwa mtu."

Nilipiga kigelegele ambacho sikujua kama bado ninacho. Wale wa kufungasha wakakidaka. Nilicheka, nikamkumbatia Taratibu, nikamkumbatia hata Bwana Hapana, naye akasimama wima kama kabati akisubiri yaishe. Nilikuwa na furaha ya kuweza kuisambaza uani kote na bado nibaki na yangu.

Watu walipotawanyika, mpwa akakaa nami chumbani tuandike alichotaka tajiri. Akanipa daftari lake, akaenda kuosha beseni. Nikawa natafuta ukurasa wenye vipimo vya Jumatatu. Nikafungua mmoja, si wenyewe. Juu umeandikwa Jumatano, saa tisa alasiri. Chini yake, kipande cha kreti ya kwanza, kimechomwa tanurini, majivu kiasi fulani. Halafu kipande cha maabara, uzito ule ule, kimechomwa, majivu kiasi fulani. Mimi si msomi, lakini tarakimu nazisoma. Ya juu ilikuwa karibu mara mbili ya ya chini.

"Hii nini?" nikamwuliza.

Akageuka na beseni mikononi. Akaona ukurasa. Akaliweka beseni chini polepole.

"Plastiki yote inaungua, Shangazi. Udongo hauungui. Ukipima majivu, unajua uliingia unga kiasi gani."

"Jumatano."

"Ndiyo."

"Ulijua tangu Jumatano kuwa ni mimi."

Akachuchumaa kando ya beseni.

"Ukarudi nyumbani ukaniosha vyombo!"

"Ningefanya nini?" akasema. "Nimwambie tajiri ni shangazi yangu? Angekutoa mtamboni siku ile ile, mbele ya watu. Nikaona kama chumba ni cha kufungwa, bora kifungwe kwa kosa langu, wewe utoke na jina lako. Watu wangesema msomi kakosea. Hiyo si habari."

"Na chuoni?"

"Wangempa mtu mwingine huu mradi wa unga." Alisema hivyo huku anakwangua kitu kisichokuwepo kwenye beseni.

Hasira iliyonipanda, sijawahi kuwa nayo. "Mjinga mkubwa wewe! Jina langu nitalichemsha nilile? Mradi ulioukeshea uuachie hivi hivi kwa sababu ya kopo la mama mzee? Ungeniambia jikoni, mimi na wewe! Ningekufokea, ningenuna siku mbili, yangekwisha!"

"Siku mbili?"

"Tatu."

"Shangazi."

"Haya, wiki! Lakini yangekwisha!"

Akaanza kucheka, na machozi yanamtoka. Nikakumbuka alipovunja kioo cha jirani akiwa na miaka minane. Nilikwenda mimi kugonga mlango, nikasema nimekivunja kwa mpini wa ufagio, na yeye alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika sketi yangu, anasikiliza kila neno. Mambo haya aliyajifunzia wapi, kama si kwangu?

Nikalia. Mbele yake, mchana kweupe, mlango wazi. Nikamvuta nikamkalisha kwenye ndoo, nami nikakaa kwenye mfuniko wa pipa, nikafuta uso kwa kanga ya kazi.

"Jumatatu utanipeleka kwenye hilo tanuri lenu," nikamwambia. "Unifundishe kuchoma na kupima majivu. Nikikosea tena, nijue mwenyewe siku hiyo hiyo, usibaki nalo peke yako."